Chupa Isiyo na Kemikali Haina Dawa

Anayesifu mafuta ya karafuu kwa kusema hayana kemikali hajayasifu, ameyatukana. Lakini sifa hiyo ndiyo imeenea. Utaikuta Kariakoo kwenye maduka ya dawa za asili, Darajani kwenye meza za viungo, redioni kwenye vipindi vya kulipiwa, na kwenye video fupi zinazozunguka katika simu za watu. Hoja yake huenda hivi: dawa za hospitali ni kemikali, kemikali ni sumu, mafuta ya mmea ni asili, na kitu cha asili hakidhuru, basi mwenye fangasi aachane na vidonge, apake mafuta. Baadhi ya watu wa hospitali nao wameikubali nusu ya hoja hii bila kujijua. Wao huona chupa hizo ni manukato tu, na mgonjwa akikaa mbele yao hawamuulizi amepaka nini nyumbani kabla ya kuja.

Mimi napinga pande zote mbili. Mafuta yanayotolewa kwenye mimea kwa mvuke, yale ambayo wataalamu huyaita mafuta tete, ni kemikali tupu tangu tone la kwanza hadi la mwisho. Uwezo wake wa kuua fangasi unatoka humo humo, hautoki kwingine. Kuuficha ukweli huo kunaumiza wagonjwa, na kunampunja mkulima wa Pemba pia, ingawa yeye ndiye anayetajwa kwenye kila lebo kama mfadhiliwa.

Tuanze na kilichomo. Pale Wawi, Chake Chake, kipo kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar ambacho wenyeji hukiita kiwanda cha makonyo. Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa kutoka kwenye vishada. Makonyo hujazwa ndani ya pipa kubwa la chuma, mvuke ukapitishwa chini yake, na mvuke huo unapopanda hubeba chembe zile zinazokubali kuruka: zile nyepesi, zenye harufu. Ukipoozwa kwenye bomba unarudi kuwa maji, na ndani ya chombo cha kupokelea huonekana matabaka mawili. Hapo ndipo mgeni hushangaa, maana amezoea mafuta kuelea. Mafuta ya karafuu huzama. Yako chini ya maji, rangi ya manjano hafifu, na uzito wake ukipimwa hukaribia gramu 1.05 kwa kila mililita. Muuzaji aliyechanganya mafuta ya kula mengi ndani yake anaweza kukamatwa kwa glasi ya maji tu.

Kinachoyazamisha ni eujenoli. Hiyo ni chembe yenye kaboni 10, haidrojeni 12 na oksijeni 2, na ndiyo inayofanya asilimia 70 hadi 90 ya mafuta yatokanayo na karafuu zenyewe. Kinachobaki kina aseteti ya eujenoli, kariofilini, na vitu vingine vingi kwa kiasi kidogo kidogo. Mafuta ya makonyo huwa na eujenoli nyingi na aseteti kidogo sana. Mafuta ya majani ya mkarafuu yana kariofilini zaidi. Haya si maneno ya wazungu waliotaka kutudharau. Ni vipimo vinavyotoka kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, ambayo huyatenga mafuta kiungo kwa kiungo na kutoa mchoro wa vilele, kila kilele na jina lake na kiasi chake. Shirika la Viwango la Kimataifa lina viwango vitatu tofauti kwa mkarafuu mmoja: cha karafuu, cha makonyo na cha majani. Wanunuzi wakubwa huviulizia kabla hawajataja bei.

Sasa chukua eujenoli iliyotengenezwa maabara, uiweke pembeni ya eujenoli ya Wawi. Fangasi hatazitofautisha. Wala ini la mtoto halitazitofautisha. Chembe haina kumbukumbu ya mahali ilikozaliwa.

Wapo watakaosema: sawa, ni kemikali, lakini ni kemikali ya mmea, na mmea ni mmoja. Hili nalo si kweli, na anayetaka kulihakikisha aende kwenye shamba lolote la viungo Unguja, Kizimbani kwa mfano, amtazame mtembeza wageni anapofika kwenye mdalasini. Kwanza atabandua kipande cha gome akupe unuse: utamu ule wa chai ya asubuhi. Halafu atafikicha jani, nawe utasema hii ni karafuu. Mwisho atafukua kidogo chini ya shina, akwaruze mzizi, na pua yako itakutana na harufu ya dawa ya kuchua kifua. Pua imekwambia kweli tupu. Gome la mdalasini lina sinamaldehidi kwa wingi, jani lina eujenoli, mzizi una kafuri. Mti mmoja, mafuta matatu, na kila moja lina tabia yake kwa fangasi na kwa ngozi ya binadamu. Sinamaldehidi huua fangasi kwa ukali mkubwa, na huunguza ngozi kwa ukali uleule. Kafuri haifui dafu mbele yake kwa fangasi, lakini mtoto akiimeza humtia degedege. Lebo inasema “Mafuta ya Mdalasini, Asili 100%.” Mafuta yapi?

Mrehani mwitu, ule unaoitwa kisayansi Ocimum gratissimum na unaomea sehemu nyingi za Afrika Mashariki, unatatiza zaidi. Unaweza kukuta miche miwili ambayo kwa jicho ni ndugu wa baba na mama mmoja, mmoja umejaa eujenoli na mwingine umejaa timoli. Udongo, mvua, saa ya kuvuna na namna ya kuanika huongeza tofauti juu ya tofauti. Mganga wa zamani aliyeujua mti wake, wa bonde lake, alikuwa na maarifa ambayo chupa ya dukani haina. Yeye alijua mche upi unawasha ulimi na upi hauwashi. Muuzaji wa mtandaoni amechukua jina la mmea akaacha maarifa yaliyoambatana nalo.

Tuje kwenye kuua. Seli ya fangasi imezungukwa na utando wa mafuta, na ndani ya utando huo kuna egosteroli, inayofanya kazi ambayo kwetu sisi hufanywa na kolesteroli. Tofauti hiyo ndogo ndiyo mlango ambao dawa nyingi za fangasi hupitia. Flukonazoli na klotrimazoli huziba kimeng’enya kinachotengeneza egosteroli. Tebinafini huziba hatua ya mapema zaidi katika njia hiyohiyo. Amfoterisini hujishikiza kwenye egosteroli yenyewe na utando ukaharibika. Eujenoli nayo huelekea kwenye utando. Kwa kuwa inapenda mafuta kuliko maji, hujipenyeza humo, huulegeza, chumvichumvi za ndani ya seli zinaanza kuvuja, na kiasi cha egosteroli hupungua. Timoli, sitrali ya mchaichai, terpineni-4-oli ya mmelaleuka wa Australia, zote hutenda kwa namna zinazokaribiana na hiyo. Kwa hiyo ukuta kati ya “asili” na “hospitali” haupo pale vita inapopiganwa.

Na si pale tu. Griseofulvini, kidonge ambacho mamilioni ya watoto wa Afrika wametibiwa nacho mapunye, ilitolewa mwaka 1939 kwenye kuvu mwenyewe, jamaa wa yule aliyetupa penisilini. Nistatini, ile dawa ya maji ya rangi ya manjano ambayo mama hudondoshea mdomoni mwa mtoto mwenye utando mweupe, iligunduliwa mwaka 1950 na wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown, kutoka kwa kijidudu kilichokuwa kwenye udongo wa shamba moja la Virginia. Amfoterisini ilitoka kwenye udongo wa Venezuela, karibu na mto Orinoco. Kama asili ndiyo sifa, basi duka la dawa la hospitali limejaa asili. Kilichozifanya dawa hizo ziaminike ni kwamba kuna watu walizisafisha, wakazipima, wakajua kiasi gani kinaponya na kiasi gani kinadhuru, wakaandika.

Upande wa wauzaji una hoja moja yenye uzito na sitaikwepa. Watasema: utafiti upo! Kweli upo, na ni mwingi. Mwaka 2009 watafiti wa Porto, Ureno, walichapisha kazi yao juu ya mafuta ya karafuu yenye eujenoli ipatayo asilimia 85. Waliyajaribu kwa fangasi aina ya kandida na aspajilasi, na kwa fangasi wa ngozi, wakiwemo wale wasiosikia flukonazoli. Mafuta yaliwazuia wote. Nayakubali matokeo hayo bila kinyongo, na nafurahi kwamba jina la karafuu limo ndani yake.

Lakini tazama kiasi. Mafuta ya karafuu huhitaji mamia ya mikrogramu katika kila mililita ili kumzuia kandida. Flukonazoli kwa kandida asiye sugu huhitaji mikrogramu 2, au chini ya hapo. Mamia kwa mbili. Kwenye sahani ya maabara tofauti hiyo haisumbui, kwa sababu mtafiti anaweza kumimina atakavyo. Fangasi amefungiwa pale, dawa imemzunguka pande zote, hakuna jasho wala damu, hakuna kiatu wala soksi. Kumshinda fangasi ndani ya sahani ni sawa na kuvua samaki ndani ya beseni, na aliyefanya hivyo asijitangaze nahodha.

Kwenye mwili mambo hugeuka. Eujenoli huruka hewani, ndiyo maana unainusa, na kila unachonusa ni dozi inayoondoka. Protini za ngozi hukamata sehemu yake. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kabisa. Ili mafuta yasiunguze, wanashauri uyachanganye na mafuta ya nazi. Ushauri wa kuyapunguza ukali ni mzuri. Ila eujenoli, kama nilivyosema, inapenda mafuta kuliko maji. Ukiitia ndani ya nazi hutulia humo kwa raha zake, na sehemu ndogo tu ndiyo hutoka kwenda kumtafuta fangasi. Watafiti wa vyakula wanalijua hili vizuri: mafuta tete yaleyale yanayotisha vijidudu kwenye sahani hupoteza makali yakiwekwa kwenye chakula chenye mafuta mengi. Mchanganyiko unaouzwa kwa jina la tiba unaweza kuwa umeizima tiba.

Ukitaka ushahidi wa miguu na kucha za watu, upo wa mmelaleuka, mafuta ambayo maduka huyauza kwa jina la tea tree. Mwaka 1992 krimu yake ya asilimia 10 ilijaribiwa kwa watu wenye fangasi wa vidole vya miguu. Muwasho na magamba vilipungua, lakini kwa kumwondoa fangasi mwenyewe haikuipita krimu tupu. Mwaka 2002 watafiti walijaribu nguvu zaidi, asilimia 25 na 50. Safari hii fangasi alitoweka kwa asilimia 64 ya waliopaka ile ya asilimia 50, dhidi ya asilimia 31 ya waliopewa kimiminika kisicho na dawa. Hayo ni mafanikio ya kweli na yaandikwe kwa wino mzito. Yaandikwe pia kwamba kuna waliopata vipele vikali vya ngozi kutokana na mafuta hayo. Na msomaji asiipite haraka ile asilimia 31. Karibu mtu mmoja katika kila watatu alipona kwa kupaka kitu ambacho hakikuwa dawa. Pengine alianza kukausha miguu, pengine mwili ulijipigania. Hao ndio wanaojaza sauti za “mimi nilipona” kwenye matangazo, na hawasemi uongo. Wamepona. Kilichowaponya ndicho hakijulikani mpaka apatikane mtu wa kuwalinganisha naye.

Kuhusu kucha, utafiti wa mwaka 1994 unapendwa mno na wauzaji. Watu 117 walipaka ama mafuta ya mmelaleuka yasiyochanganywa au klotrimazoli ya asilimia 1, mara mbili kwa siku, miezi 6. Wauzaji husema: mafuta yalikuwa sawa na dawa ya hospitali! Ni kweli. Fangasi alitoweka kwa asilimia 18 ya waliotumia mafuta na asilimia 11 ya waliotumia klotrimazoli. Maana yake ni kwamba baada ya nusu mwaka wa kupaka asubuhi na jioni, zaidi ya watu 80 katika kila 100 walibaki na fangasi wao, kundi hili na lile. Klotrimazoli ilishindwa kwa sababu ukucha ni mgumu na fangasi yuko chini yake, na mafuta yalishindwa kwa sababu hiyohiyo. Kujivunia kuwa sawa na aliyeshindwa si ushindi.

Nimekaa sana kwenye miguu na kucha, ambako kosa hugharimu muda na pesa. Kuna mahali kosa hugharimu zaidi. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka chochote, si karafuu wala klotrimazoli, kwa kuwa fangasi ameingia ndani ya unywele na shina lake. Yanahitaji vidonge, griseofulvini kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi, au tebinafini kwa muda mfupi zaidi. Mtoto anayepakwa mafuta miezi mitatu huku mabaka yakivimba na kutoa usaha anaweza kubaki na makovu yasiyoota nywele tena. Kwa mtu mzima, utando mweupe unaorudi rudi mdomoni unaweza kuwa dalili ya kwanza kwamba kinga imeshuka, na anayeufuta kwa tone la karafuu amefuta onyo. Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kriptokokasi inaua watu wenye VVU katika ukanda wetu, na fangasi huyo yupo kwenye kundi la hatari kubwa kabisa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya Oktoba 2022, pamoja na kandida wawili na aspajilasi. Hakuna chupa ya Darajani inayofika kwenye ubongo.

Na wanawake. Sehemu za siri hazina ngozi ngumu ya kisigino. Ni utando laini, na eujenoli au sinamaldehidi isiyopimwa huuchoma. Muuzaji anamwambia: “Ikiwaka, dada’angu, ujue inafanya kazi.” Haifanyi kazi, inaunguza. Pengine muwasho wenyewe haukuwa wa fangasi. Majimaji yanayotokana na bakteria, na mengine yanayotokana na trikomonasi, huchukuliwa kila siku kuwa ni “fangasi” na kutibiwa hivyo, miezi inapita, na ugonjwa halisi unaendelea.

“Lakini babu zetu walitumia karafuu.” Naam. Walitafuna karafuu moja kwa jino linalouma, wakatia kumi kwenye sufuria ya pilau, wakafukiza nyumba. Hawakunywa mafuta yaliyokenekwa. Karafuu kavu nzuri hutoa mafuta asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, kwa hiyo mililita moja imebeba kilichokuwa ndani ya karafuu 50 au 60 hivi. Chupa ndogo ya mililita 10 ina nguvu ya mamia. Majarida ya tiba yameandika habari za watoto wadogo waliomeza mililita 5 hadi 10 za mafuta ya karafuu. Ini lilishindwa kufanya kazi, wengine walizimia, na madaktari walilazimika kutumia dawa ileile inayotumika kwa mtu aliyekunywa parasetamoli kupita kiasi, maana eujenoli huliumiza ini kwa njia inayofanana na hiyo. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Chupa hizo hazina kifuniko cha kumzuia mtoto, na nyingi ni za plastiki, ambayo baadhi yake mafuta haya huweza kuilainisha yakavuja.

Kwa watu wazima hatari kubwa zaidi ni mzio. Umoja wa Ulaya mwaka 2003 uliiweka eujenoli kwenye orodha ya manukato, wakati huo 26, ambayo lazima yatajwe kwenye lebo ya kipodozi, hata yakiwa asilimia 0.001 tu ya krimu inayobaki mwilini. Wataalamu wa usalama wa mafuta haya hushauri mafuta ya karafuu yasizidi asilimia 0.5 kwenye ngozi. Linganisha na ushauri wa mitaani: dondosha matone juu ya kidonda, yasugue yaingie. Mwenye kupata mzio mara moja anaweza kukaa nao maisha yake yote, na siku daktari wa meno atakapomwekea saruji ya zinki na eujenoli, fizi zitavimba.

Sisemi kwamba upande wa hospitali una mikono misafi. Maduka mengi ya dawa yanauza bila cheti krimu zilizochanganya dawa ya fangasi na steroidi kali. Muwasho hupoa kwa siku mbili, mgonjwa akashukuru, na fangasi akaenea chini kwa chini akibadili sura hata daktari asimtambue. Huko India matumizi ya ovyo ya krimu hizo yametajwa miongoni mwa sababu za kuenea kwa fangasi wa ngozi asiyesikia tebinafini. Mtu aliyeungua na mchezo huo ana haki ya kukimbilia kwenye karafuu. Ninachomkatalia ni kudhani amekimbia kemikali.

Kingesaidia zaidi kipimo kuliko tangazo lolote, na kipimo hicho ni rahisi. Mtaalamu hukwaruza magamba ya ukingo wa baka kwa wembe butu, akayaweka kwenye kioo, akadondoshea potashi ya asilimia 10 hadi 20, akasubiri dakika chache seli za ngozi zilainike. Chini ya hadubini, kama ni fangasi, zinaonekana nyuzi nyembamba zenye vipingili zikikatiza kati ya seli. Kama hazipo, huenda ni pumu ya ngozi au soriasisi, na huko mafuta ya karafuu yatazidisha tu. Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi pale KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha maarifa haya tangu mwaka 1992. Hadubini zipo kwenye vituo vingi vya afya, zinatumika kutazama malaria na kifua kikuu. Wembe na potashi havihitaji mfadhili.

Kuna wanaotaka kuyapeleka mafuta haya ghalani, dhidi ya sumukuvu, ile sumu ambayo fangasi huitengeneza kwenye nafaka. Hapo nasikiliza kwa makini zaidi, kwa kuwa jambo lenyewe ni zito: mashariki ya Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa, na mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara walikufa 20. Maabara zinaonyesha kwamba mafuta tete kadhaa humzuia aspajilasi asiote na asitengeneze sumu. Lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa haiondolewi na harufu nzuri, wala moto wa jikoni hauimalizi. Mahindi yaliyovunwa mabichi na kurundikwa yameshaharibika kabla ya chupa kufunguliwa. Kuyaanika juu ya turubai mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13 au 14 na kuyafunga kwenye mifuko isiyopitisha hewa kunafanya kazi leo, kwa bei ya leo. Mafuta yaendelee kutafitiwa, hasa kwa namna ya mvuke ndani ya vyombo vilivyofungwa, ambako kuruka kwake ni faida.

Narudi kwa mkulima, maana yeye ndiye ninayemwona amepunjwa zaidi. Ukiuza hadithi, mnunuzi hulipa bei ya hadithi, na hadithi ya “asili” kila nchi inayo: Indonesia, Madagaska, Sri Lanka. Anayelipwa vizuri ni yule anayeweza kuonyesha karatasi: eujenoli asilimia kadhaa, aseteti asilimia kadhaa, yamekenekwa tarehe fulani kutoka sehemu fulani ya mti, hayajachanganywa. Viwanda vya dawa za meno, vya manukato na vya vyakula hununua kemikali kwa jina lake. Sisi tunaokaa juu ya miti tunaogopa kulitamka jina hilo, tusije tukaharibu biashara ya rejareja.

Kwa hiyo nadai mambo ya kufanyika, na nayadai kwa waliopewa dhamana. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba wasikubali lebo ya mafuta tete isiyoandika jina la mmea, sehemu ya mti, kiungo kikuu na asilimia yake, tarehe ya kukenekwa, na namna ya kuyapunguza ukali. Na maneno “hayana kemikali” yapigwe marufuku kwenye chupa kama uongo mwingine wowote wa kibiashara. Chupa iwe ya kioo cheusi, yenye kifuniko ambacho mtoto hakifungui. Taasisi ya Tiba Asilia ya Muhimbili na wenzao wa Zanzibar wachukue mafuta ya Wawi yaliyopimwa, wayatie kwenye krimu inayoyaachia badala ya kuyafungia, wawapate watu wenye fangasi wa vidole vya miguu waliothibitishwa kwa hadubini, nusu wapake hiyo na nusu wapake klotrimazoli, kwa wiki 4, bila wao wala daktari kujua nani kapewa nini. Magamba yakwaruzwe tena mwishoni, yaoteshwe maabara, na matokeo yachapishwe hata kama karafuu itashindwa. Ikishinda, Pemba itakuwa na dawa yenye jina, dozi na bei. Wakati tunasubiri, mwenye mtoto mwenye mapunye ampeleke kituo cha afya akapewe vidonge, na mafuta yakae juu ya kabati, mtoto asikoweza kufika.